Jeanne Moreau anatembea tu, na mimi macho siyabandui

Jamani, wiki hii nimeposti tena tiketi ya sinema kwenye stetasi na kama kawaida maswali yakaanza, Mama Nuru wewe kila ofu unakwenda kuangalia picha za zamani za Kifaransa, za watu waliokwishakufa, unapata nini huko? Dada yangu wa Tanga kanirekodia sauti kabisa, anasema mdogo wangu, wazungu wanavuta sigara masaa mawili na hela umetoa wewe. Nimemjibu nitaandika, maana kwa simu siwezi kueleza, na nimeona wapo wengine wanauliza kwa kutaka kujua kweli, basi leo kaeni mkao wa kusoma.

Hapa Paris ninapoishi kuna kichochoro kinaitwa rue Champollion, kiko Quartier Latin jirani na chuo kikuu cha Sorbonne, kifupi, dakika mbili umekimaliza, lakini kina sinema tatu zimefuatana, na ya kwenye kona inaitwa Le Champo, ipo tangu 1938. Ni kumbi ndogo, na picha za zamani zinaonyeshwa kila siku ya Mungu. Na foleni ipo! Mwanzoni hicho ndo kilinishangaza, nilidhani nitakuta wazee watupu, nikakuta watoto wa chuo wamesimama kwenye manyunyu wanasubiri picha iliyotengenezwa kabla mama zao hawajazaliwa, na pembeni yao bibi na mkongojo wake ambaye pengine aliiona ilipotoka.

Mimi niliingia kwa sababu ya baridi. Nilikuwa na miezi mitatu tu hapa mjini, kazi yenyewe ndo nimeipata, mapokezi hotelini shifti ya usiku, sina rafiki, Jumanne nina ofu na chumba changu heater haifanyi kazi, nikaona bora nilipe kiingilio nikae sehemu yenye joto. Picha iliyokuwepo ilikuwa Ascenseur pour l'échafaud ya mwaka 1958, yaani lifti inayokupeleka kwenye jukwaa la kuuawa, ndo kama maana yake. Kifaransa changu kilikuwa cha kuombea maji. Na bado nilitoka pale miguu haina nguvu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna mwanamke anaitwa Florence, anayemcheza ndo Jeanne Moreau, ameolewa na tajiri muuza silaha, na ana mpenzi wake Julien anayefanya kazi kwa huyohuyo mume, wamepanga mume auawe ionekane amejiua. Julien anamaliza kazi, anashuka mpaka kwenye gari, anainua macho anaona kamba aliyopandia ameisahau inaning'inia, anarudi ndani, anaingia kwenye lifti, na saa hiyohiyo mlinzi anazima umeme anafunga jengo maana ni Jumamosi jioni. Amenasa. Nje huku kijana mmoja anaiba gari la Julien na kumpakia msichana wa duka la maua, wanapita mbele ya Florence anayesubiri mkahawani, yeye anamwona yule msichana tu, dereva hamwoni, akilini mwake Julien ameogopa, kamkimbia na kabinti.

Basi ananyanyuka anaanza kutembea.

Sasa hapa ndo naomba mnisikilize. Hakuna kinachotokea. Mwanamke anatembea usiku Champs-Élysées, anaingia bar hii anauliza, anatoka, anavuka barabara katikati ya magari kama hayaoni, mvua inampiga, nywele zimelala, midomo inatamka jina la yule mwanaume kidogokidogo, na kamera ipo naye tu. Hajapakwa poda ya kuficha uchovu, ile mifuko ya chini ya macho unaiona kama ilivyo. Yule dairekta, Louis Malle, alikuwa na miaka 25 hivi, na mpiga picha wake Henri Decaë akaamua hakuna mataa ya sinema, mwanga utatoka kwenye vioo vya maduka na mabango ya barabarani basi, kamera wakaiweka kwenye kigari cha mtoto mchanga wakawa wanaisukuma mbele ya Moreau. Malle alisimulia baadaye kwamba mafundi wa maabara ya kusafishia filamu walilalamika, walisema staa haonyeshwi hivi, sura inatakiwa ing'ae. Moreau alishakuwa mcheza tamthilia mkubwa kabla ya hapo, alishapita mpaka Comédie-Française, jumba la tamthilia la taifa, alishatokea kwenye picha nyingi tu amepodolewa kama mwanasesere, lakini watu walianza kumwona kweli siku walipomwacha atembee na uso wake mwenyewe.

Halafu tarumbeta. Desemba 1957 Miles Davis alikuwa Ulaya kwa maonyesho, wakampata, akaingia studio usiku mmoja na wenzake wanne, wakawa wanarushiwa vipande vya picha ukutani na wao wanapiga hapohapo wanavyojisikia. Ndo maana muziki ule haumwambii Florence afanye nini, unamfuata nyuma tu kama mtu anayemjua.

Na kuna kitu nilikielewa vizuri zaidi nilipoirudia mara ya pili na ya tatu. Usiku mkubwa polisi wanaingia bar wanakagua watu, Florence hana kitambulisho, wanamchukua kama mwanamke wa barabarani, analala kituoni. Alfajiri wanakuja kugundua huyu ni Madame Carala, mke wa yule mkubwa, sauti zote zinabadilika, samahani madame, tafadhali madame. Mimi natoka kazini asubuhi giza bado halijaondoka, natembea peke yangu kuelekea stesheni ya Gare du Nord na kibali changu cha kuishi kiko mfuko wa ndani wa koti, nakigusa kabla ya kila kona. Nilipoona ile sehemu sikuwa naangalia Ufaransa ya mwaka 1958, nilikuwa naangalia mtaa ninaoupita.

Tangu hapo nikawa na ugonjwa wa kuangalia watu wanavyotembea kwenye sinema za hawa watu. Nikagundua mastaa wao wote wanaokumbukwa, kila mmoja unaweza kumtambua kwa mgongo tu, kwa mwendo. Jean-Paul Belmondo anatembea kama bondia maana kweli ujanani alipigana ngumi, mabega mbele, pua imevunjika, na kwenye À bout de souffle, picha ya dairekta Godard ya 1960, anashuka Champs-Élysées ileile na Jean Seberg anayeuza gazeti la New York Herald Tribune, mpiga picha Raoul Coutard kajificha na kamera kwenye mkokoteni wa barua. Ukiangalia vizuri utawaona wapita njia wanageuka, hawajui kama inapigwa picha, ni watu wa Agosti 1959 na mambo yao. Huwa nawaangalia wale kuliko hata Belmondo.

Ila mnajua sisi tuliokulia vibanda vya video tuna sheria moja, steringi hafi. Atapigwa, atalala porini, atarudi na kitambaa kichwani kuwamaliza maadui, lakini kufa hapana. Sasa hawa steringi wao anakufa, tena mapema unaanza kujua atakufa na unaendelea kumfuata. Belmondo anapigwa risasi mgongoni anakimbia rue Campagne-Première yote anapepesuka, anashika mgongo, magari yamepaki huku na huku, mpaka anaangukia njia panda, na anajifumba macho kwa mkono wake mwenyewe. Mwigizaji Jean Gabin kati ya 1937 na 1939 alikufa kwenye Pépé le Moko, akafa kwenye Le Quai des brumes, akafa kwenye La Bête humaine, akafa kwenye Le Jour se lève, na watu walijaa kila mara. Nilipomsimulia dada akasema sasa raha iko wapi. Dada yangu, raha ni kwamba ukishajua mtu hana muda, akikata mkate unamwangalia anavyokata mkate.

Na hapo nimekumbuka Touchez pas au grisbi, nisipoitaja hii nitakuwa sijaandika kitu. Ni ya Jacques Becker, 1954. Gabin wakati huo nyota ilikuwa imefifia, alikuwa amekwenda Marekani wakati wa vita, Hollywood hawakujua wamfanye nini, akajiunga na jeshi la Ufaransa Huru akawa kamanda wa kifaru kwenye divisheni ya jenerali Leclerc, karudi nywele nyeupe na umri umekwenda, watu wanamtaka yule wa zamani. Becker akampa jambazi mtu mzima anaitwa Max, ameiba dhahabu kubwa ya mwisho ili apumzike. Usiku mmoja anamficha rafiki yake Riton kwenye nyumba yake ya siri, wanatafutwa wauawe, na unategemea wataanza kupanga silaha. Wapi! Max anafungua kabati anatoa biskuti kavu, kopo la pate, ile nyama laini ya kupaka, chupa ya mvinyo, anaweka sahani, wanakaa wanapaka na kula, krach krach, meno yanasikika. Halafu anamtolea rafiki yake pajama iliyokunjwa vizuri na mswaki. Riton anasimama mbele ya kioo anaivuta ngozi ya chini ya kidevu anajiangalia alivyozeeka. Gabin naye anapiga mswaki na pajama yake, jambazi zima. Nimeona mabunduki mengi kwenye maisha yangu ya kuangalia picha, lakini zile biskuti ndo zimebaki kichwani. Wanaume wawili wanapendana kindugu kiasi cha kupeana mswaki, na haisemwi hata sentensi moja ya kupendana. Moreau naye yumo humo, bado mdogo, anacheza msichana wa kilabu, na Lino Ventura ilikuwa picha yake ya kwanza kabisa.

Mwigizaji Alain Delon nitasema ukweli. Le Samouraï ya Jean-Pierre Melville, 1967, anapocheza muuaji wa kukodiwa, ni kama saa, kila kitu kimekaa mahali pake. Dakika kama kumi za mwanzo hakuna neno linalosemwa. Chumba kijivu, ndege kwenye tundu analia, moshi wa sigara, kumbe kitandani yupo mtu. Anainuka, anavaa kofia, anapitisha kidole kwenye ukingo wake mbele ya kioo, anashuka, anaingia kwenye Citroën isiyo yake, anatoa pete kubwa ya funguo anaiweka kitini anaanza kujaribu mmojammoja, macho yanaangalia mbele hayaangalii mkono. Mmoja haushiki, anauweka. Wa pili. Wa tatu. Na wewe huna haraka. Uzuri wake ule Delon ni wa kutisha, sibishi. Ila Delon mtu wa nje ya skrini alijivunia hadharani urafiki wake na Jean-Marie Le Pen, yule mwanasiasa wa mrengo mkali wa kulia aliyepinga wahamiaji, na mwigizaji Brigitte Bardot mahakama zilimpiga faini zaidi ya mara moja kwa maneno ya chuki, na mimi ninayeishi hapa na ngozi hii siwezi kujifanya sijasikia. Delon alipofariki Agosti 2024 niliirudia Le Samouraï, niliangalia kazi, machozi hayakunitoka. Belmondo alipofariki 2021 ilikuwa tofauti, ile siku wanamuaga Les Invalides tulikuwa tunaangalia kwenye TV ya hotelini, jeneza linaondoka na wanajeshi wanapiga ule muziki wa Morricone wa picha yake Le Professionnel, mpishi wetu mtu mzima kaegemea ukuta analia waziwazi na wageni wamesimama na mabegi yao hawaendi.

Anayenikosha kabisa ni Cléo. Cléo de 5 à 7, ya Agnès Varda, 1962. Huyu ni mwimbaji mzuri, anasubiri majibu ya hospitali jioni ile, anaogopa ni kansa, na picha inamfuata saa moja na nusu karibu dakika kwa dakika mitaa ya Paris. Ni Jumanne, mwanzo wa kiangazi, anaingia duka la kofia ananunua kofia nyeusi ya manyoya ya baridi, na yule mama anayemsaidia kazi anamwambia kitu kipya hakivaliwi Jumanne, mkosi. Nilicheka kwa sauti ukumbini, nikaona kumbe bibi zetu wako kila mahali. Nusu ya kwanza Cléo anatembea ili aonekane, kila kioo anajitazama. Katikati anachukia, analivua lile wigi, anavaa nguo nyeusi anatoka peke yake, na kuanzia pale yeye ndo anaangalia. Anamwona mtu barabarani anameza vyura hai kwa ajili ya sarafu. Anaingia mkahawa wa Le Dôme anaweka wimbo wake mwenyewe kwenye mashine ya muziki, anapita katikati ya meza aone watu wanausikilizaje, hakuna anayesikiliza, watu wanaongelea vita vya Algeria, wanaongelea hela, wanaongelea mapenzi yao. Mwisho bustani ya Montsouris anakutana na askari anayerudi Algeria vitani usiku huohuo, naye anaogopa kufa, wanapanda basi pamoja kwenda hospitali kuulizia majibu. Mwaka jana nilisubiri majibu yangu mwenyewe siku tisa. Yalikuja mazuri, alhamdulillah. Zile siku tisa nilitembea Paris yote kama kichaa, na kila nikipita Montparnasse nilikuwa namtafuta mmeza vyura.

Lakini kuna mwendo mmoja wa mwaka 1966 ambao siwezi kuuacha, na hapa kidogo sauti yangu inabadilika. La Noire de... ya Ousmane Sembène, Msenegali aliyewahi kuwa kuli wa bandari Marseille kabla hajawa mwandishi na dairekta. Muelewe kwanza, tangu 1934 kulikuwa na amri ya serikali ya Ufaransa, Mwafrika wa koloni huwezi kupiga picha ya sinema kwenu bila kibali chao, na kibali hakikuwa cha watu kama sisi. Paulin Vieyra na wenzake mwaka 1955 walipotaka kutengeneza picha ikabidi waitengenezee hapahapa Paris, wakaiita Afrique-sur-Seine. Kwa hiyo wakati kina Moreau wanapewa barabara nzima watembee, sisi kamera tulikuwa hatuishiki.

Sembène anamleta Diouana, msichana wa Dakar, anashuka melini kuja Antibes kwa mabosi wake wazungu, kavaa gauni zuri na viatu vya visigino. Alidhani anakuja kulea watoto na kuiona Ufaransa. Ufaransa aliyoiona ni jiko, sebule, bafu, chumba cha kulala. Anafagia na visigino vyake ndani ya nyumba, vile viatu ndo kitu pekee kilichobaki cha safari aliyoiota, na bosi wake mwanamke anamwamuru avivue, asisahau yeye ni mfanyakazi wa ndani. Anavivua anaviacha hapohapo sakafuni. Halafu picha inaturudisha Dakar, Diouana yuleyule anarukaruka juu ya mnara wa mashujaa wa vita, mpenzi wake anamkataza, yeye anacheka. Wote tuliofanya kazi kwenye nyumba za watu, iwe huku iwe Muscat, ile sehemu ya viatu tunaijua kwa mwili. Mimi nilianza hivyohivyo, nyumba ya watu, kabla ya hoteli. Sikuruhusiwa kutumia mlango wa mbele. Mwigizaji Mbissine Thérèse Diop ni staa kwangu kuliko Catherine Deneuve, yule mwigizaji wao maarufu, na nikiona watu wanaandika kuhusu sura za sinema za Ufaransa miaka ya sitini bila kumtaja huwa naandika jina lake kwenye komenti, kila mara.

Nuru binti yangu ana miaka saba na yeye ana wake. Shule za huku zina utaratibu wa kupeleka watoto sinema kuona picha za zamani, na kwa kweli nadhani nusu ya siri ya picha hizi kutokufa iko hapo, mtoto anakutana nazo gizani na wenzake kabla hajaambiwa ni za kizee. Nuru walimpeleka kuona picha ya Jacques Tati, anayecheza Monsieur Hulot, yule mrefu, mwili umeinama mbele kama anataka kuanguka, kiko mdomoni, suruali fupi soksi zinaonekana. Maneno karibu hakuna, hata bibi yake Tanga angeelewa. Nilimwonyesha bibi yake kwenye video call, tukaweka simu mbele ya laptopu, Mon Oncle, ile sehemu ya bustani ya matajiri yenye samaki wa bomba anayerusha maji wageni wa maana wakija tu, mgeni wa kawaida akija wanazima. Mama alicheka mpaka akashika ubavu, akasema huyu mwenye samaki namjua, akataja na jina la jirani ambalo hapa siandiki. Siku hizi Nuru akitoka shule ananitangulia mita kumi anatembea Ki-Hulot mpaka kituo cha basi, begi mgongoni, shingo mbele, na watu wazima wanaopita wanamtambua! Mzee mmoja alimvulia kofia.

Narudi kwa Florence maana sikuwaambia mwisho wake, na kama mnataka kuiona wenyewe ruka aya hii. Picha nzima yeye na Julien hawakutani hata mara moja. Wameongea kwa simu mwanzoni, basi, mmoja kwenye lifti mwingine barabarani. Wale vijana walioiba gari walikuta kamera ndogo ya Julien wakaitumia, na filamu ikaachwa kusafishwa, na mwisho Florence anaingia kwenye chumba cha giza anamkuta polisi anamsubiri na karatasi zinaelea kwenye maji ya dawa. Picha zinajitokeza polepole. Yeye na Julien, wamekumbatiana, wanacheka, siku moja ya nyuma kabisa ambayo sisi hatukuonyeshwa. Ndo ushahidi utakaowafunga. Na yeye hata hamsikilizi polisi, ameingiza mikono kwenye yale maji anazipapasa, anahesabu miaka, kumi, ishirini, na tarumbeta ipo.

Jumanne ijayo wanairudia kichochoroni, saa mbili usiku. Nimebadilishana shifti na mwenzangu maana wiki hiyo ofu yangu imesogezwa, Nuru analala kwa jirani, na kuna shosti mmoja Mkongo wa Bukavu amesema atakuja, hajawahi kuona hata moja. Nimemwambia avae viatu vya kutembelea, tukitoka hatupandi metro.